Mashine ya Kufuma Iliyokwenda Kola

Siku ya kuniaga walinipa blanketi, keki na hotuba tatu. Blanketi ninalo, keki iliisha kabla sijafika mezani, na hotuba zote tatu zilikuwa za uongo. Wasemaji hawakukusudia kudanganya. Mambo yalipotokea walikuwa bado watoto wa shule wanaovaa sweta zetu. Wa pili ndiye aliyenichoma. Alisema mimi, Mzee Nzioka, ndiye niliyeanzisha mpango wa wazazi kufuma nyumbani, na kwamba kila mama anayefanya kazi huku akimwona mtoto wake anapaswa kunishukuru. Watu wakapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, jicho moja likiwa kwenye keki.

Haya basi ndiyo marekebisho. Ninayaandika kwa ajili yenu mnaobaki karakanani, hasa mlio na watoto wadogo. Nilisoma mpaka kidato cha nne tu, kwa hiyo mkikuta sentensi nzuri humu, jueni niliiokota kwa Bi Zuhura.

Nilifika Machakos mjini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo nilikuwa karani katika ghala la pamba, na pamba ilipokwisha watu wakakumbuka kwamba karani naye huisha. Nilikuwa na mke, watoto wanne na njia mbili za kuchagua. Kaka yangu mkubwa alikuwa akitengeneza redio barazani kwake Ekalakala. Alikula chakula cha mchana na watoto wake kila siku, na walipogombana aliwatenganisha kwa mguu bila kuacha kazi mkononi. Aliniambia nije anifundishe. Njia ya pili ilikuwa mjini, usimamizi wa karakana ya sweta, wenye funguo saba, kengele na rejista. Nikachagua funguo. Hakuna aliyenidanganya. Nilipenda tu jinsi zilivyolia zikigonga paja.

Mwenye karakana, Bi Zuhura, alikuwa mjane ambaye babu zake walitoka pwani kuja kufanya biashara, wakasahau kurudi. Siku ya kwanza hakunipa funguo wala kengele. Alinikalisha mbele ya mashine ya kufuma ya mkono, ndefu kama benchi la kanisa, yenye safu mbili za sindano na kigari unachokisukuma kushoto na kulia. Akaniambia fuma. Nikasukuma, uzi ukakatika. Nikasukuma kwa nguvu zaidi, sindano sita zikavunjika.

“Wewe, unafuma au unapiga pasi?” akauliza.

“Bi, mimi nimekuja kusimamia.”

“Utasimamia nini usichokijua? Hata jogoo kabla ya kuwapigia kuku kelele, mwenyewe anajua kudonoa.”

Nilifuma wiki tatu. Alinifundisha kupitisha uzi kwenye kipande cha mshumaa ili uteleze. Alinifundisha kusikiliza kigari: kikiimba, usikiguse, kikikohoa, tazama ulimi wa sindano kabla hujautukana uzi. Zile sweta zangu za kwanza zilikuwa na mikono isiyolingana. Zilikwenda shule moja ya Tala, na kama kuna mtu wa huko aliyekua akijiona ana mkono mmoja mfupi, namwomba radhi.

Kisha akanikabidhi mizani, na hapo ndipo uovu wangu ulipopata chombo cha kufanyia kazi. Utaratibu ulikuwa huu. Asubuhi kila mfumaji alichukua uzi wake ukiwa umeviringishwa kwenye koni, nami nikaupima. Chini ya kila mashine kulikuwa na kikapu. Jioni kila kitu kilikuwa kimeangukia humo: sweta, vipande, uzi uliobaki. Nikapima kikapu, na uzito ukilingana na wa asubuhi, mtu akaenda nyumbani. Nilifanya hivyo miaka saba bila kutazama ndani ya kikapu hata mara moja. Mtu mwenye mizani hatazami. Anasoma namba.

Rejista nayo niliipenda kuliko inavyofaa kumpenda mtu usiyemwoa. Saa mbili kamili nilipiga kengele, na aliyefika kengele ikiwa imenyamaza nilimwandikia wino mwekundu, awe amechelewa kwa sababu ya mvua, ng'ombe au uchungu wa kuzaa. Wanawake waliniita nyapara nyuma ya mgongo wangu. Nilijua, na nilifikiri ni sifa.

Mke wangu na watoto walikuwa wamebaki Ekalakala. Nilikwenda kwao mwisho wa mwezi. Kuna mwezi mmoja nilifika, kitinda mimba wangu akanipa mkono, akaniuliza habari ya Machakos, akanivutia kiti cha wageni. Alikuwa na adabu sana. Ningeweza kujifunza kitu kutokana na kile kiti, lakini nilichojifunza ni hiki: kama mimi sikai na wanangu kwa ajili ya kazi, basi na asikae mwingine yeyote. Mkitaka kujua ukali wa wakubwa wenu unatoka wapi, anzeni kwa kuuliza nani anawavutia kiti nyumbani kwao.

Sasa niwaeleze juu ya Mwikali. Alitoka Kola, na alifuma shingo ya sweta kwa ustadi kiasi kwamba walimu wakuu waliitambua. Mumewe alikuwa mlinzi wa lango Athi River, akija nyumbani kama nilivyokuwa nikienda mimi. Walikuwa na binti wa miaka tisa, Ndinda, aliyekuwa darasa la tatu, na baada ya pengo refu akazaliwa mvulana, Mumo. Mama mkwe aliyekuwa akimlea Mumo alifariki mtoto akiwa na miezi minane. Mwikali akaja ofisini, mimi na Bi Zuhura tukiwa tumekaa.

“Nipeni mashine niende nayo nyumbani,” akasema. “Niko na meza, niko na chumba hakivuji. Kila Ijumaa naleta sweta. Nikikosa hiyo, nitatoa Ndinda shule ashike mtoto. Sina mtu mwingine.”

“Mashine si kuku wa kulala popote,” nikasema.

“Na mtoto naye si mashine, Mzee Nzioka. Siwezi kumfunika na kitambaa nifunge mlango.”

Bi Zuhura akacheka, ishara mbaya kwangu. “Mwezi mmoja,” akasema. “Tujaribu. Mzigo ukirudi sawa, hata wengine wenye watoto tutawapa. Ukirudi na kasoro, mashine inarudi nayo. Nzioka, wewe ndiye wa mizani. Mimi sitaingilia.”

Kwa hiyo kila mtu alijua kilichokuwa kwenye mizani. Kilikuwa darasa la tatu la Ndinda. Na nyuma yake kulikuwa na wanawake watatu wengine waliokuwa wakingoja waone, mmoja wao Kamene, mwenye mapacha na mdomo usiofungwa.

Mashine ikapandishwa kwenye pikapu ikaenda Kola, pamoja na koni ishirini za uzi wa kijani, zikiwa zimepimwa na mimi. Ijumaa Mwikali akaleta gunia. Sweta zilikuwa safi, zimekunjwa, uzi uliobaki umeviringishwa, hata vipande vidogo vimefungwa kwenye mfuko. Nikapima. Zilipungua kilo mbili.

Kilo mbili ni sweta sita za watoto. Mtu mwema angesema, “Mwikali, njoo tuangalie hapa.” Mimi nilinyamaza. Nilimpa koni ishirini nyingine, nikangoja, kama paka aliyeona mkia wa panya na sasa anaomba kichwa kitokee. Ijumaa ya pili zikapungua kilo mbili tena. Nikapiga kengele katikati ya mchana, kitu ambacho hakijawahi kufanyika, wanawake wote wakasimamisha vigari.

“Leo nataka mwone wenyewe,” nikasema. “Huyu ndiye mlitaka tumwamini na mashine nyumbani. Wiki mbili, kilo nne za uzi.”

Mwikali alitazama mizani, akanitazama mimi. “Pima tena.”

Nikapima tena, kwa furaha.

“Uzi wote nimerudisha,” akasema. “Hata ule wa kukatika nimeokota chini. Ngai ananiona.”

“Mungu anaona. Mizani inaandika.” Hilo nililisema mimi, na nililiona ni neno zuri.

Bi Zuhura aliinuka, akapima mwenyewe, akakaa. Alikuwa ametoa ahadi mbele ya watu, nayo ilikuwa na pande mbili. “Mashine irudi,” akasema. “Kazi yako hapa ipo, Mwikali. Nyumbani, hapana.” Kamene alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaufunga bila kusema.

Jumamosi nikaenda Kola na pikapu kuchukua mashine. Na sasa nafika mahali ambapo hotuba ya pili haikufika.

Mbele ya mlango palikuwa na mkeka. Mumo alikuwa amekaa juu yake, na mbele yake dada yake alikuwa amemjengea nyumba. Ilikuwa nyumba nzuri, yenye kuta nne na mnara. Ilikuwa imejengwa kwa koni tupu. Mtoto alichukua moja, akailamba, akaitupa, Ndinda akairudisha pale pale. Mimi ni karani. Nilizihesabu bila kupenda. Zilikuwa arobaini, na zilikuwa za ile plastiki nene ya siku hizo.

Nilielewa nikiwa bado nimesimama. Karakanani, koni ikiisha uzi, mfumaji anaiangusha kikapuni bila kufikiri, na jioni naipima pamoja na mengine. Asubuhi nilipima uzi na koni, jioni uzi na koni. Nyumbani hakuna kikapu. Mwikali alirudisha uzi wote, na koni tupu akampa mwanawe achezee, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zinahesabiwa. Nami sikumwambia kwa sababu hata mimi sikujua. Nilikuwa nimepima plastiki miaka saba nikidhani napima uzi.

Mwikali alikuwa akifungua skrubu za mashine. “Sasa niambie,” akasema bila kugeuka, “huyu mtoto nitamwachia nani?”

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa na maneno mawili: angalia mkeka. Badala yake nikasema, “Hayo, mwaitu, si ya mizani.” Nikamwita mama kwa Kikamba, kwa heshima, huku nikimnyang'anya. Ndinda akatusogezea mlango tupite.

Njiani nilijipa sababu. Nilisema nitaongea Jumatatu. Jumatatu nikasema wanawake watanicheka. Jumanne nikasema labda si koni zote. Labda ni koni na uzi kidogo. Nikienda stoo nilizipita koni tupu bila kuzitazama, kama mtu anayempita mkwewe sokoni. Mwikali alirudi kwenye kiti chake saa mbili kamili, nikampa wino mweusi. Nani alikuwa na Mumo, sikuuliza. Sikuhitaji. Kwa mihula mitatu, kila Jumatatu hadi Jumamosi, binti wa miaka tisa alikuwa mama Kola, na mama yake alikuwa kwangu, akifuma sweta za watoto wa watu waende nazo shule.

Mnisamehe nikiingiza hapa ushauri, maana nikingoja mwisho nitasahau. Vijana hunijia wakaniuliza wachague kazi gani. Huuliza inalipa nini na ina cheo gani. Ulizeni pia kama kazi hiyo inaweza kubebwa ikaingia mlangoni kwenu, au kukatwa nusu siku bila kufa. Kufuma kunaweza. Kutengeneza redio kunaweza. Kupiga kengele hakuwezi, na ndiyo maana mpiga kengele atawaambia kwamba hakuna kazi ya kweli inayofanyiwa nyumbani. Msimsikilize. Anaogopa mkiondoka atampigia nani.

Januari ikafika, msimu wetu wa kufa na kupona. Ilikuwa desturi yangu kuwasomea wafumaji orodha kutoka shuleni, jina na kifua, nao wakiitikia. Siku hiyo nilishika orodha ya shule moja ya upande wa Kola. Mwalimu alikuwa amenakili majina ya zamani, mengine akayakata. Mimi nasoma kama ninavyopima, bila kutazama.

“Ndinda Mutuku, inchi ishirini na nane.”

Kigari cha Mwikali hakikusimama. “Huyo ruka,” akasema. “Huyo yuko nyumbani na mtoto.”

Alisema bila chuki, kama anayenisahihishia hesabu. Nikasoma jina lililofuata. Sauti ikatoka, sijui yangu au ya nani.

Mchana nilimfuata Bi Zuhura nyumbani kwake nyuma ya duka. Nilikuwa nimebeba koni moja tupu. Nikamwekea kando ya sahani ya wali, nikamweleza yote. Hakuigusa. Aliosha mikono kwanza.

“Uliziona lini?”

“Siku ile ya kuchukua mashine.”

“Mwaka jana?”

“Mwaka jana, Bi.”

“Ala! Na umekaa nalo tumboni, unakula, unalala, unapiga kengele?” Akaigeuza koni mkononi. “Afadhali ungekuwa mwizi, Nzioka. Mwizi huchukua kitu akakitumia. Wewe umechukua mwaka wa mtoto wa watu, na huna hata pa kuuvaa.”

“Nimekosa.”

“Usiniambie mimi. Mimi sikuumia. Ulimtangaza mbele ya watu, kajitangaze mbele yao. Jumatatu unapeleka mashine Kola.”

“Nitamwambia dereva —”

“Wewe! Dereva ataendesha, na wewe utasema. Na hao wengine watatu, wakitaka mashine, wapewe. Na kila wiki uzi utawapelekea wewe mwenyewe.”

Hivyo ndivyo nilivyoanzisha mpango, kama mnavyoona. Niliuanzisha kama ng'ombe anavyoanzisha safari ya mnadani.

Siku hiyo hiyo saa tisa niliwakusanya bila kupiga kengele. Nilisimama tu kati ya mashine, nikapima koni tupu ishirini mbele yao. Mizani ikasema kilo mbili. Nikasema niliyoyaona Kola, na kwamba nilinyamaza kwa kiburi na si kwa kusahau. Kisha Kamene, ambaye alikuwa amengoja mwaka mzima, akasema, “Nyapara, hebu na ulimi wako uweke hapo juu tuone umepungua kilo ngapi.” Wakacheka mpaka wengine wakalia. Mwikali hakucheka. Alifunika mashine yake, akachukua kanga yake, akaenda nyumbani saa tisa na nusu. Sikumwandikia chochote.

Jumatatu tulifika Kola mapema, mimi, dereva na mashine. Tuliiingiza ndani, dereva akarudi garini kuvuta sigara. Mwikali akachukua bisibisi akaanza kuifunga mezani. Nikavua kofia.

“Mwikali, nimekuja —”

“Mimi ulishaniambia mbele ya watu,” akanikata. “Nimesikia. Mwambie huyo.”

Ndinda alikuwa amesimama mlangoni, Mumo mgongoni amefungwa na kanga. Alikuwa amerefuka. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na ushee, na sijawahi kujieleza kwa mtoto, hata wa kwangu. Nikachuchumaa, kwa sababu niliona haifai kusema hayo kutoka juu, magoti yakalia yote mawili.

“Ndinda,” nikasema, “ulitoka shule kwa sababu yangu. Nilisema mama amechukua uzi. Hakuchukua. Ni zile koni mlikuwa mkichezea.”

Alifikiri. “Ulikuwa umeziona?”

“Niliziona.”

“Siku ile?”

“Siku ile.”

“Na ukanyamaza.”

“Nikanyamaza.”

Alinitazama kama mtu anayetazama sweta yenye mikono isiyolingana, akitafuta mahali ilipoharibikia. Halafu akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa sare ya mwaka juzi, sketi ikiwa imepanda juu ya magoti, na Mumo hakuwa mgongoni tena. Alikuwa amemshika mikononi, akininyooshea.

“Basi mshike,” akasema. “Kengele ya shule bado haijalia.”

Kabla sijafungua mdomo mikono ilikuwa tayari imejaa. Ndinda alipita kando yangu akashika njia ya shambani akikimbia, miguu peku, bila kuaga. Mumo alimtazama mpaka akapotea kwenye mahindi. Kisha akanigeukia, akanichunguza kofia, masharubu na macho, akavuta pumzi ndefu, akalia kama mtu aliyeibiwa.

Nikamgeukia mama yake. Alikuwa amekwisha kufunga skrubu ya mwisho. Alipitisha uzi kwenye mshumaa, akauingiza kwenye sindano, akashika kigari kwa mikono miwili.

“Mbembeleze, Mzee Nzioka,” akasema. “Mimi niko kazini.”